Neno kwa Neno Mbele ya Wazee

Hjulsta, 22 Februari 2026

Shangazi Laurentine mpendwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili, nikiwa bado na koti la kazini mwilini, maana nikilivua tu nitalala na barua hii haitaandikwa. Magoti yako yakoje? Bado yanakutii kupanda kile kilima cha parokia? Mimi mzima. Theluji ya huku kwa Waswidi imegoma kuondoka, imekuwa chafu na ngumu, watu tunatembea kwa kujikaza kama wazee. Baba naye ni mzima, hivyo nasikia. Anakaa Tensta, kituo kimoja tu kutoka kwangu, na tukikutana kwenye metro anahamia behewa jingine. Wazee ninaowahudumia kule Hässelby hawana shida na mimi. Kuna bibi mmoja wa Kiswidi aliniita binti tangu siku ya kwanza, na hakuhitaji kikao cha ukoo kuamua.

Sasa nije kwenye lililonikalisha hapa. Ni Arsène.

Najua ni mwanao wa kwanza. Najua pia kwamba katika ukoo mzima ni wewe peke yako unayeniandikia, na ndiyo sababu naandika kwa karatasi, kwani simu yako inasomwa na nyumba nzima, Heshima akiwa msomaji mkuu. Mpe salamu zangu huyo mjukuu wako mwenye masikio marefu.

Agosti iliyopita Yaya Arsène, huyo kaka yangu mkubwa, alinipigia simu. "Kahindo, dada yangu," akasema. Dada! Tangu nianze kuishi kama mwanamke hakuwahi kulitamka. Chama chake kilikuwa kimemteua kugombea udiwani wa jiji, akataka tuandamane pamoja siku ya Pride, sikukuu ya watu kama mimi, mimi na bendera, yeye na mkono begani mwangu. Aliniapia mambo mawili. Kwanza, atawabana wakubwa juu ya foleni ya kliniki, ambako nimesubiri matibabu yangu miaka hadi nimeacha kuihesabu. Pili, nyumba ya Farsta haitaguswa. Hiyo ni nyumba ndogo nyuma ya maduka, ambako vijana trans, waliovuka jinsia kama mimi, huja Jumamosi kunywa chai, kulia wanaotaka kulia, na kupata mtu wa kuwasindikiza kwa daktari. Mwenye ufunguo wa Jumamosi ni mimi.

Basi nikaandamana, mjinga mimi. Picha ikapigwa, ikachapishwa, ikaingia kwenye kila sanduku la barua la Waswidi kuanzia hapa hadi Hässelby. Tangu siku hiyo Yaya amekuwa mtu wa mikutano. Wiki iliyopita kliniki wakanipigia: daktari aliyeandika rufaa yangu ameacha kazi, kwa hiyo rufaa imekufa, nianze upya mwisho wa foleni. Mwanamke wa simu alikuwa mpole mno. Shangazi, huku wanakunyima kwa upole, hata nafasi ya kugombana nao huipati. Nikampigia Arsène. Akanijibu kwa Kiswidi, kwa kifupi, akakata.

Muulize mwanao kwa niaba yangu: ahadi yake imeishia wapi?

Mtoto wa kaka yako,
Kahindo


Butembo, 29 Machi 2026

Mtoto wa kaka yangu,

Salamu zako nimezipokea, na magoti yamezipokea pia, ingawa la kushoto lina kiburi. Barua ilikuja na Cyriaque, yule mfanyabiashara wa mabati anayekwenda Kampala kila mara. Alikuwa ameikalia njia nzima, ikafika imekunjamana kama chapati ya jana. Nimemwambia barua zangu aziweke kifuani, si huko.

Sisi tupo. Habari za vita usiulize, viko upande wa Lubero na watu wanakuja mjini na magodoro kichwani. Tumepokea familia moja kwenye chumba cha nyuma. Heshima amefaulu mtihani, sasa anazungumza Kifaransa cha puani na kila mtu. Kwaya wamenitoa, eti sauti imezeeka. Bon. Kila Jumapili nakaa benchi la mbele kabisa, chini ya pua ya kiongozi wao, naimba nyimbo zote kwa nguvu kuliko wao, na sina mpango wa kuacha. Padri ameniomba nimsamehe yule kijana. Nimemwambia nitamsamehe nikishachoka kuimba.

Hiyo habari ya foleni sikuielewa. Ni matibabu gani hayo yanayosubiriwa miaka katika nchi yenye hospitali kila kona? Hapa tunasubiri kwa sababu hatuna. Huko wanasubiri kwa sababu gani?

Arsène ana watu wengi wanaomsumbua. Tangu utoto alikuwa hawezi kumwambia mtu hapana.

Ule vizuri. Vaa soksi za sufu.

Shangazi yako,
Laurentine


Hjulsta, 10 Mei 2026

Shangazi,

Nakuamkia kwa heshima zote, na yule mwenye kiburi, goti la kushoto, namuamkia peke yake. Majani yametoka huku, watoto wanapanda baiskeli mpaka saa ambazo kwenu ni giza. Mpongeze Heshima. Kwaya yako imenichekesha nikiwa kazini, bibi yangu wa Hässelby akataka atafsiriwe, nikamtafsiria, naye kasema uendelee kuimba.

Lakini umejaza karatasi yote na kwaya, na swali langu ukalipa mstari mmoja. Na jina langu umelikwepa. "Mtoto wa kaka yangu" ni kweli, lakini kaka yako ana watoto watano.

Sasa sikiliza nilichosikia mwenyewe. Siku ya Pasaka kanisa letu la Wakongomani lilikodi ukumbi, watu wakala pamoja baada ya ibada. Mimi mlango wa mbele siruhusiwi. Mlango wa jikoni naruhusiwa, kwa sababu hakuna anayetwanga sombe, majani yetu ya muhogo, kama mimi, na akina mama hawako tayari kula sombe mbaya kwa ajili ya maandiko. Kwa hiyo nilikuwa nyuma ya dirisha la kupitishia chakula, nikipakua. Mzee mmoja akamuuliza Arsène habari ya ile picha. Akajibu, na sauti yake unaijua inavyofika mbali: "Ile ni kazi ya chama tu, wazee wangu. Wale watu wana pepo la kizungu. Nipeni kura zenu, na ile nyumba ya Farsta itafungwa, watoto wetu wasije wakaokotwa huko." Wakapiga makofi. Mimi nilikuwa na mwiko mkononi. Nikaendelea kupakua, Shangazi. Nikampakulia na yeye.

Mwishoni mwa Aprili ukaja mkutano wa kamati ya kitongoji iliyokuwa ikiihudumia ile nyumba. Arsène yumo. Mkutano ni wa wazi, nikaenda, nikakaa kiti cha nyuma. Mwenyekiti akauliza nani anakubali huduma ya Farsta isitishwe mwisho wa Juni. Mikono ikainuka, na wa kwanza ulikuwa ule uliokuwa begani mwangu. Alipogeuka akaniona. Unajua alifanya nini? Alinikonyeza! Kana kwamba mimi na yeye tunaelewana, kana kwamba huu ni mchezo wa wakubwa na mimi nimeingizwa ndani.

Jumamosi nikawaambia vijana. Mmoja akauliza, "Tutakwenda wapi?" Nikamwongezea chai.

Nataka kulipiza kisasi. Nakiandika waziwazi usije ukasema hukujua. Sitaki kumsamehe, sitaki kumwombea, sitaki kumwelewa. Nataka siku moja asimame mahali ambapo hana pa kukonyeza.

Kahindo. Si vibaya ukijaribu kuliandika.


Butembo, 21 Juni 2026

Kahindo,

Haya, nimeliandika, na kalamu haikuvunjika.

Ulipozaliwa baada ya dada zako tulikuita Muhindo, jina letu Wanande la mvulana anayekuja kugeuza mfululizo wa wasichana. Kaka yangu alichinja mbuzi kwa furaha. Wewe sasa umechukua la kike, Kahindo, wasema mfululizo haukugeuka. Nimefundisha shule ya msingi maisha yangu yote, na kila mwaka kuna mtoto aliyesimama akasema, "Mwalimu, hapo umeniandika vibaya." Nilikuwa nasahihisha, nasonga mbele. Sikusema ninaelewa. Nimesema nimesahihisha.

Tupo wazima. Ile familia ya chumba cha nyuma imepata mtoto, wamemwita Laurentin, nikajifanya sikufurahi. Mvua zimeharibu barabara, Cyriaque alilala njiani. Heshima anataka kuwa daktari, kwa hiyo ananipima joto kila siku kwa kiganja. Kiongozi wa kwaya amehamia upande wa pili wa kanisa. Nami nimehama.

Juu ya uliyoyasikia jikoni, sina la kusema. Juu ya mkono wa Arsène na kukonyeza kwake, sina la kusema.

Nimeambiwa nisikuandikie tena. Nani kaniambia, usiulize. Niliitikia "sawa", kisha nikaenda kununua karatasi.

Kisasi ni kitamu, mwanangu, mimi sitakudanganya, unaniona na kwaya yangu. Ila kwaya si damu yangu.

Laurentine


Hjulsta, 12 Julai 2026

Shangazi yangu,

Nakusalimu wewe, daktari Heshima, na mheshimiwa Laurentin wa chumba cha nyuma. Umeniandika jina langu. Barua hiyo nimeisoma kwenye metro ya kwenda kazini, nikapitiliza kituo, nikachelewa, na sikujali. Asante. Sitaongeza neno hapo, nisije nikalowesha karatasi.

Farsta imefungwa. Tulibeba viti na masufuria mpaka kwangu, sasa chumba changu hakina pa kukanyaga. Manispaa walituma mtu kuchukua ufunguo. Alikuwa mpole pia. Alisema anajua ni siku ngumu, akatupa karatasi yenye namba ya simu ya ushauri. Nikaipiga papo hapo, mbele yake. Simu ikasema ofisi imefungwa kwa likizo ya kiangazi. Akaangalia viatu vyake.

Sasa sikiliza vizuri. Mwisho wa Agosti chama cha Arsène kinaandaa mkutano hapa Hjulsta. Kinara wao, Felicia, mwanamke wa Kiswidi anayependa sana kusema neno "jumuiya", anakuja na waandishi wa habari kuwasikiliza wazee wetu kabla ya uchaguzi. Wazee watasema Kiswahili, yeye Kiswidi. Na Arsène ameniomba mimi niwe mkalimani. Mimi! Alinipigia simu, akaniita dada tena.

Unaweza kujiuliza amepata wapi ujasiri. Nikueleze. Sisi tuliokuja wadogo ndio tuliofanywa midomo ya wazazi wetu, shuleni, hospitalini, kwenye ofisi. Na tulitafsiri kwa adabu. Baba akimwambia mwalimu, "Wewe huna akili," mimi nilisema, "Baba anauliza kama kuna njia nyingine." Afisa akisema kwa dharau, mimi nilimletea Baba maneno yaliyooshwa. Kila mtu hapa anajua hivyo na kila mtu anategemea hivyo. Mtoto anayetafsiri kila kitu kama kilivyo hana malezi. Mwaka juzi, kwenye mkutano kama huu, mzee mmoja alinisema mimi mwenyewe, nikiwa nimesimama hapo hapo na kipaza sauti, kwamba watu wa aina yangu ni laana. Nikawaambia Waswidi, "Mzee ana wasiwasi juu ya vijana." Arsène alinishika bega baadaye akasema kazi nzuri.

Kwa hiyo atasema lolote mbele yangu. Amezoea kuwa nitamlainishia.

Tangu mwaka jana nimesomea kazi hii rasmi, nina cheti. Darasani wanatufundisha jambo moja kabla ya mengine: kinachosemwa chumbani hutafsiriwa, chote, bila kuongeza na bila kupunguza, na husemi "amesema", unasema "mimi", kana kwamba ni wewe unayezungumza. Safari hii nitafanya kazi yangu. Basi. Sitampiga, sitamtukana, sitasema uongo hata kidogo. Nitamtafsiri.

Nakuambia mapema kwa sababu wewe hukunificha kitu, au umenificha kidogo tu. Kama hutaki, niandikie. Barua ikifika kabla, nitaisoma. Siwezi kuahidi zaidi ya hapo.

Kahindo


Butembo, 14 Agosti 2026

Kahindo,

Salamu kwa haraka, Cyriaque yuko mlangoni na gari linapiga honi. Barua yako imenifikia leo tu.

Usifanye.

Sitetei alichofanya. Ukitaka nikwambie ni kibaya, ni kibaya, na nilimzaa mimi. Lakini nilimbeba mgongoni tulipokimbia mara ya kwanza, baba yake akiwa ameshauawa, na njia nzima hakulia, alikuwa ananipangusa jasho shingoni kwa kiganja. Huyo ndiye ninayemwona ukiandika Arsène. Wewe unamwona mwingine, na najua huyo mwingine yupo.

Huku hatuna kitu cha kujivunia zaidi ya kwamba mtoto wetu anataka kuwa diwani katika jiji la Wazungu. Watu wananisimamisha sokoni.

Mlainishie, mara hii moja, kwa ajili yangu. Halafu mchukie maisha yako yote, sitakuzuia.

Cyriaque anaita. Jibu.

Laurentine


Hjulsta, 6 Septemba 2026

Shangazi,

Nakusalimu, na sijui utaipokeaje salamu hii. Barua yako ilifika Alhamisi. Mkutano ulikuwa Jumamosi iliyotangulia.

Nilijiuliza kama ingewahi ningekutii. Nimejiuliza nikipika, nikiwaogesha wazee wangu, nikiwa nimesimama katikati ya viti vya Farsta. Jibu ninalo, na kwa kuwa sijawahi kukudanganya, sitaliandika.

Nikueleze kilichotokea, usije ukasimuliwa na watu.

Ukumbi ulijaa. Wazee wetu wamekaa kushoto na suti zao, Waswidi kulia na daftari zao, Felicia na Arsène mezani, mimi kati yao na kipaza sauti. Nusu saa ya kwanza ilikuwa ya kawaida, mabasi, nyumba za kupanga, vijana wasio na kazi. Kisha akasimama Baba.

Sikujua kama atakuja. Hakunitazama. Alisema, "Arsène, nimekuona kwenye karatasi ya kampeni umemkumbatia yule aliyekuwa mtoto wangu. Mimi nilimzika huyo moyoni. Tuambie leo, uko na sisi au uko na wao?"

Nikageuka kwa Waswidi, nikasema kwa Kiswidi, kama nilivyofundishwa: "Nimekuona umemkumbatia yule aliyekuwa mtoto wangu. Mimi nilimzika moyoni." Nikamalizia na swali lake. Mwandishi mmoja wa habari aliacha kuandika akaniangalia mimi, akaangalia ile picha ukutani, akaelewa. Arsène alikuwa bado anatabasamu, anamtazama Baba, hakusikiliza hata kidogo nilichosema. Ndivyo alivyonizoea.

Akajibu kwa Kiswahili, ametulia, mkono kifuani: "Mjomba, unanijua. Ile ni kazi ya chama. Wazungu ukiwapa picha wanalala usingizi. Nyumba yao ya Farsta nimeifunga kwa mkono wangu huu, wewe uliomba na mimi nikatenda. Nikiingia jijini nitafagia na yaliyobaki. Nipeni kura, haya mengine ni maigizo." Kisha akanipa ishara ya kichwa, endelea.

Nikaendelea. Yote. Nilisema "mkono wangu huu" nikainua mkono. Nilisema "maigizo". Nilisema Wazungu wanalala usingizi, kwa Kiswidi safi, nikimtazama Felicia machoni. Upande wa kulia wote wakageuka kumtazama Arsène.

Arsène akashtuka. "Kahindo! Tafsiri vizuri!" Nikawageukia Waswidi nikatafsiri na hilo.

Hapo Felicia akamwinamia, akamwambia kwa sauti ya chini, akisahau kipaza sauti kiko mbele yao: "Waambie chochote wanachotaka kusikia. Hawa wanapiga kura wanavyoelekezwa na mchungaji. Yaliyobaki nitayanyoosha na waandishi." Alidhani mkalimani ni wa upande mmoja. Nikawageukia wazee wetu. Nikawaletea neno kwa neno, kwa Kiswahili kizuri ulichonifundisha wewe kwenye kambi ya wakimbizi kabla sijaletwa huku.

Shangazi, ungewaona! Wazee wale walisimama kwa pamoja, viti vikaanguka. Mmoja akamwambia Felicia mambo ambayo sijawahi kuyasikia kinywani mwa shemasi, na mimi sikupunguza makali hata kidogo. Waswidi wanapiga picha. Arsène amekaa, mikono juu ya meza. Alinitazama. Alitafuta mtu wa kumkonyeza, hakuwepo.

Katika kelele hiyo Baba akanijia mpaka mbele. Akaniuliza, mimi, kwa mara ya kwanza tangu miaka ile: "Ndivyo huyo mwanamke alivyosema?" Nikamwambia, "Ndivyo, Baba." Akavaa kofia yake akaondoka. Sijui maana yake nini. Sijamwona tena kwenye metro, kwa hiyo sijui kama bado anahama behewa.

Chama kimemwambia Arsène akae kando. Gazeti liliandika. Siku chache baadaye Felicia akanipigia, sauti imejaa asali, akaomba radhi, akasema nimeonyesha ujasiri, na je, ningekubali kupiga picha na mgombea mpya atakayechukua nafasi? Nikauliza habari ya Farsta. Akasema hilo ni suala la bajeti. Nikauliza habari ya foleni ya kliniki. Akasema hilo liko ngazi nyingine. Nikamwambia nitakuja nikiwa mkalimani tu, wakati wowote, aniite. Hajaniita.

Nyumba haijafunguliwa. Niko mwisho wa foleni vilevile. Lakini nimefurahi, Shangazi. Nimeila furaha hii na sahani nimeilamba. Ungeomba nihuzunike kwa ajili yako, ningejaribu, lakini uso wake pale mezani ukinijia nacheka peke yangu.

Niandikie hata kama ni kunitukana.

Kahindo


Butembo, 18 Oktoba 2026

Kahindo,

Nakusalimu. Goti limevimba, Heshima ameniwekea majani. Ile familia ya chumba cha nyuma imerudi kwao kuangalia kama kuna kilichobaki, mtoto wamemwacha kwangu, ananinyima usingizi. Hayo ndiyo ya nyumbani.

Hukualikwa kwenye kikao, kwa hiyo nitakusimulia.

Walikutana nyumbani kwa baba yako, Tensta, ukoo mzima wa huko na wazee wawili wa kanisa. Walinipigia, wakaweka simu juu ya meza ili wote wasikie. Mimi ndiye mkubwa wa ukoo niliyebaki, walitaka sauti yangu. Waliyataka haya: kwamba wewe si wetu, kwamba jina ulilojipa hatulijui, kwamba umemuua ndugu yako kwa ulimi. Arsène alilia. Mwanangu analia vibaya, tangu zamani, anajikaza halafu inatoka yote. Baba yako hakusema kitu.

Nikawaambia wanyamaze. Nikasema, "Arsène, nitakuuliza kama mama yako. Siku ile, Kahindo alitia chumvi?" Nililitaja jina hilo mbele yao wote, wakanung'unika, nikangoja wamalize. Akasema, "Hapana, Mama." Nikamuuliza, "Kuna neno alilosema ambalo hukulisema wewe?" Akasema, "Hapana, Mama, lakini alipaswa kunilainishia." Nikamwambia, "Basi aliyezungumza ni wewe. Wewe ndiye uliyefunga mlango wa watoto wa watu ili upigiwe makofi. Kahindo ni binti wa kaka yangu. Atakayemtoa kwenye ukoo anitoe na mimi, na aniambie sasa hivi, nikiwa hai."

Kisha nikasikia kiti, na mlango, na mtu akasema Arsène ameondoka. Tangu siku hiyo hajanipigia simu. Alikuwa akinipigia kila Jumapili baada ya misa, hata nilipomkasirisha. Sasa Jumapili Heshima anakaa na simu mapajani, na mimi najifanya nachambua maharage.

Usinishukuru. Nikiona asante kwenye barua yako ijayo nitaichana. Nilisema yaliyokuwa kweli, kama ulivyofanya wewe, na imenigharimu mtoto, na wewe imekufurahisha. Furahi, ni haki yako, alikukosea sana. Lakini usiniandikie furaha hiyo mara ya pili. Uso huo unaoucheka niliunyonyesha mimi.

Na hao wakubwa wenu, yule Felicia na wenzake, nasikia wameshinda viti vyao na wanakula vizuri. Kisasi chako kimepita juu ya vichwa vyao kikatua kwangu. Kama una nguvu iliyobaki, peleka huko.

Arsène akirudi kwangu nitamfungulia. Wewe ukija nitakufungulia, nitakupikia, utalala kitandani kwangu. Ila mkija, msije siku ileile moja.

Shangazi yako,
Laurentine